Bei ya Kubakiza Timu

Usiku wa Machi 28, 1984, malori ya kampuni ya Mayflower, wahamishaji wa mizigo, yaliingia moja baada ya jingine katika kambi ya mazoezi ya Baltimore Colts huko Owings Mills, nje kidogo ya jiji la Baltimore nchini Marekani. Mvua iliyochanganyika na theluji ilikuwa inanyesha. Wapakizi walibeba helmeti, vyuma vya mazoezi na majalada ya ofisi hadi usiku wa manane ukapita. Malori yalipojaa, madereva walishika barabara tofauti ili polisi wa jimbo la Maryland wasiweze kuyazuia yote kwa mkupuo. Kulipokucha, timu ya futiboli ya Kimarekani iliyokuwa Baltimore tangu 1953 ilikuwa imeondoka kwenda Indianapolis, safari ya kilomita 900 hivi.

Haraka hiyo ilikuwa na sababu. Bunge la Maryland lilikuwa mbioni kupitisha sheria ya kuliruhusu jiji kuitwaa timu kwa manufaa ya umma, kwa utaratibu uleule wa kutwaa shamba la mtu ili barabara ipite. Seneti ya jimbo ilikuwa imeshaupitisha muswada huo. Mmiliki wa Colts, Robert Irsay, aliona akilala ataamka hana timu.

Sare za bendi ya mashabiki hazikupakiwa, kwa kuwa usiku ule zilikuwa kwa dobi. Wanabendi walizichukua kimyakimya na kwa muda wakazificha makaburini, wasije wakanyang'anywa na hizo. Kisha kwa miaka 12 bendi ya Colts iliendelea kupiga tarumbeta na ngoma kwenye maandamano na hata katika viwanja vya timu nyingine, ikiwakilisha timu ambayo haikuwapo tena. Anayetaka kuelewa kwa nini miji ya Marekani hukubali kutoa mamilioni, na siku hizi mabilioni, ya fedha za umma ili mtu binafsi ajengewe uwanja, na aanze na watu hawa. Mapenzi yao kwa timu ni ya kweli, na mwenye timu anayajua vizuri.

Indianapolis nayo haikuipata Colts kwa bahati. Chini ya Meya William Hudnut, jiji hilo lilianza kujenga uwanja wenye paa, Hoosier Dome, mwaka 1982, wakati halikuwa na timu ya kucheza humo. Lilijenga kwanza, likatafuta mpangaji baadaye. Irsay alipowekewa mezani uwanja mpya, mkopo wa dola milioni 12.5 na kambi mpya ya mazoezi, Baltimore na uwanja wake uliochakaa haikuwa na la kujibu.

Hapo ndipo pana kiini cha biashara yote hii. Ligi ya futiboli ya Kimarekani, NFL, ina timu 32, na wenye kuamua idadi hiyo ni wamiliki wa timu hizohizo. Ligi kuu ya besiboli ina timu 30, na tangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa mwaka 1922 imekuwa na kinga dhidi ya sheria za ushindani wa kibiashara. Hakuna kupanda wala kushuka daraja. Mji unaotaka timu hauwezi kuunda ya kwake, ikaanzia ligi ya mkoa na kupanda hadi juu kwa jasho la wachezaji. Unayo njia mbili tu: kuomba ligi iongeze timu, jambo linalotokea kwa nadra, au kuichukua timu ya mji mwingine. Miji inayotaka timu siku zote ni mingi kuliko timu zilizopo, na pengo hilo halijitokezi lenyewe. Los Angeles, jiji la pili kwa ukubwa nchini humo, lilikaa bila timu ya NFL kuanzia 1995 hadi 2015, na kwa miaka yote hiyo wamiliki wa timu nyingine walilitumia kama tishio: msiponijengea, nitakwenda Los Angeles.

Msomaji wa Afrika Mashariki atasema kuhama kwa timu si jambo geni, na ni kweli. Ihefu ya Mbarali, mkoani Mbeya, iliyoifunga Yanga Novemba 2022 na kukatisha mwendo wake wa mechi 49 za ligi bila kupoteza, leo inacheza Singida kwa jina la Singida Black Stars. Watu wa Mbarali walibaki na kumbukumbu ya siku ile. Lakini kuna tofauti kubwa. Tanzania, mji uliopoteza timu unaweza kuanza upya na timu nyingine kutoka chini. Uingereza ni hivyohivyo: klabu ya Wimbledon iliporuhusiwa mwaka 2002 kuhamia Milton Keynes, mashabiki waliunda AFC Wimbledon mwaka uleule na kuwachagua wachezaji kwa majaribio kwenye uwanja wa wazi wa mtaani. Kufikia 2011 timu hiyo ilikuwa imepanda hadi ligi za kulipwa, na Novemba 2020 ikarudi Plough Lane, nyumbani kwake kwa asili. Nchini Marekani njia hiyo imefungwa. Timu ikiondoka, mji hubaki na uwanja mtupu, na mara nyingi na deni pia.

Baltimore walijifunza somo walilofundishwa. William Donald Schaefer, aliyekuwa meya siku malori yalipoondoka, akawa gavana wa Maryland mwaka 1987. Jimbo lilikuwa limeunda mamlaka yake ya viwanja mwaka 1986, na fedha zikaanza kupatikana kutokana na bahati nasibu ya serikali. Kwanza ukajengwa Camden Yards, uwanja wa besiboli uliofunguliwa 1992 na kusifiwa kote nchini kwa uzuri wake. Pembeni yake kikaachwa kiwanja kitupu kwa ajili ya timu ya futiboli itakayopatikana. Baltimore, mji uliolia kwa kuibiwa timu, sasa ulikuwa na fedha mkononi na ulikuwa unatafuta timu ya mji mwingine.

Iliyopatikana ilikuwa Cleveland Browns. Mmiliki wake, Art Modell, alikuwa na madeni, na uwanja wake uliojengwa 1931 ulikuwa umempoteza mpangaji mwenzake, timu ya besiboli, iliyohamia uwanja mpya mwaka 1994. Oktoba 27, 1995, ndani ya ndege binafsi iliyoegeshwa katika uwanja wa ndege wa Baltimore, Modell alitia saini mkataba kwa siri: uwanja mpya uliogharimu zaidi ya dola milioni 200 za umma, bila kulipa kodi ya pango. Tangazo likatolewa hadharani Novemba 6. Kesho yake wananchi wa Cleveland na kaunti yao walipiga kura iliyokuwa imepangwa zamani, ya kuongeza muda wa kodi ya pombe na sigara ili kuukarabati uwanja wa timu hiyohiyo. Walijua fika kuwa timu imeshaahidiwa mji mwingine. Bado zaidi ya asilimia 70 walisema ndiyo.

Kura ile inastahili kutazamwa kwa makini. Wataalamu wa uchumi huieleza tabia ya miji kwa hesabu za ajira na mapato, lakini wapigakura wale hawakuwa wakitafuta ajira. Walikuwa wakisema timu ni yao.

Desemba 17, 1995, Browns walicheza mechi yao ya mwisho katika uwanja ule mkongwe. Mashabiki waliingia na misumeno na spana, wakang'oa viti vya mbao walivyokalia wao na baba zao, na safu nzima za viti zikarushwa uwanjani. Timu yao ilishinda 26 kwa 10. Wapinzani siku hiyo walikuwa Cincinnati Bengals, kutoka upande wa pili wa jimbo hilohilo la Ohio.

Kilichofuata Cincinnati kinaonyesha jinsi hofu ya mji mmoja inavyolipiwa na mji mwingine. Mmiliki wa Bengals, Mike Brown, alikuwa mtoto wa Paul Brown, kocha wa kwanza wa Cleveland na ndiye ambaye timu ya huko ilipewa jina lake, kabla ya Modell kumfuta kazi mwaka 1963. Sasa Mike Brown naye alitaka uwanja mpya, na majadiliano yalikuwa yamedorora kwa muda. Baada ya Cleveland kupoteza timu, hakuna mwanasiasa wa Cincinnati aliyetaka kuwa ndiye aliyewapoteza Bengals. Machi 1996, wapigakura wa Kaunti ya Hamilton waliidhinisha ongezeko la kodi ya mauzo la nusu senti kwa kila dola, kwa ajili ya viwanja viwili, cha futiboli na cha besiboli. Ili kuwavuta wenye nyumba, waliahidiwa kwamba sehemu ya fedha hizo itatumika kuwapunguzia kodi ya majengo.

Mkataba uliotiwa saini mwaka uliofuata unatajwa hadi leo kuwa miongoni mwa mibaya kuliko yote ambayo serikali ya mtaa iliwahi kuingia katika michezo. Kaunti ilibeba sehemu kubwa mno ya gharama za ujenzi, kisha ikabebeshwa na gharama nyingi za uendeshaji wa siku za mechi. Kulikuwa na kipengele kilichoitaka kaunti kuiongezea timu vifaa vya kisasa kila vitakapozuka katika viwanja vingine, na orodha yake ilitaja hata mitambo ya kuonyesha marudio ya mchezo kwa picha za hologramu, teknolojia ambayo haikuwepo katika uwanja wowote. Yaani walipakodi waliahidi kununua kitu ambacho hakijavumbuliwa.

Mapato ya kodi ya mauzo hayakukua kama ilivyotarajiwa, na mdororo wa uchumi wa 2008 ukamalizia. Ahadi ya punguzo kwa wenye nyumba ikafinywa. Kaunti ilikata huduma huku na kule, na hatimaye ikauza hospitali yake ya umma, Drake Center, iliyowahudumia wagonjwa wa muda mrefu na wanaohitaji mazoezi ya viungo. Hospitali iliuzwa kuziba pengo la fedha za viwanja. Katika mjadala wote wa faida na hasara za miradi hii, hakuna mfano ulio wazi kuliko huo.

Je, viwanja huleta uchumi? Hilo ndilo swali ambalo wanasiasa hulijibu haraka kuliko yote, na ndilo ambalo watafiti wamelichunguza sana. Mwaka 1997 Roger Noll na Andrew Zimbalist walihariri kitabu kilichokusanya tafiti za viwanja vya miji mbalimbali, na jibu lilikuwa kwamba hakuna uwanja uliojilipia kwa ukuaji wa uchumi wa eneo lake. Tafiti za baadaye, pamoja na mapitio ya J.C. Bradbury, Dennis Coates na Brad Humphreys, zimefikia mahali hapohapo. Sababu zake si ngumu. Timu ya NFL hucheza nyumbani mechi kumi hivi kwa mwaka, na siku nyingi zilizobaki uwanja haufanyi kazi. Familia inayotumia dola 300 uwanjani, fedha hizo kwa kawaida ingezitumia papo hapo mjini: kwenye mgahawa, sinema, duka la jirani. Fedha hazikuongezeka, zimehama mfuko. Tena zimehamia kwa mmiliki na wachezaji, ambao wengi hawaishi humo mwaka mzima, badala ya kubaki kwa mwenye mgahawa anayeajiri na kununua palepale. Kazi za uwanjani, za kuuza vinywaji, kukagua tiketi na kufagia, ni za siku chache na ujira mdogo.

Kuna mlipaji mwingine asiyeonekana. Miji hukopa fedha za ujenzi kwa kuuza hatifungani ambazo riba yake haikatwi kodi ya serikali kuu, hivyo Mmarekani wa jimbo jingine kabisa, asiyeijua hata timu yenyewe, huchangia uwanja bila kuulizwa. Bunge la Marekani lilijaribu kuzuia jambo hilo kwa sheria ya kodi ya 1986. Sheria hiyo ilisema hatifungani zisizokatwa kodi haziwezi kutumika kwa uwanja ambao zaidi ya asilimia 10 ya deni lake inalipwa na mapato ya uwanja wenyewe. Waliotunga walidhani miji itaacha. Badala yake miji, ili ipate mkopo nafuu, iliacha kudai kodi ya pango ya maana kutoka kwa timu na kulipa deni kwa kodi za wananchi. Nia ilikuwa njema, lakini mwananchi wa kawaida akazidi kuumia.

Oakland, California, inaujua mzigo huo. Raiders, timu yake ya futiboli, waliondoka kwenda Los Angeles 1982, wakarudi 1995 baada ya jiji na kaunti kukopa ili kuwaongezea jukwaa kubwa jipya, kisha mwaka 2020 wakahamia Las Vegas, ambako jimbo la Nevada lilitenga dola milioni 750 kutokana na kodi ya vyumba vya hoteli. Raiders walipoondoka, Oakland bado ilikuwa inalipia jukwaa lile. Timu ya mpira wa kikapu, Warriors, ilikuwa imeshavuka ghuba kwenda San Francisco mwaka 2019. Ikabaki timu ya besiboli, Athletics. Juni 13, 2023, mashabiki wa Athletics waliamua kuujaza uwanja uliokuwa ukikaa mtupu, ili dunia ione kwamba waliosusa walikuwa wamesusa uongozi, si timu. Walikuja zaidi ya 27,000, wengi wakiwa na fulana za kijani zilizoandikwa neno moja la kumwambia mmiliki auze timu. Siku hiyohiyo baraza la Seneti la Nevada lilipitisha muswada wa hadi dola milioni 380 za umma kwa ajili ya uwanja wa timu hiyo Las Vegas. Septemba 26, 2024, walicheza Oakland kwa mara ya mwisho.

Miji iliyokataa ipo, na haikuangamia. Wapigakura wa Seattle mwaka 2006 walipitisha kwa kura nyingi azimio la kuzuia fedha za umma kutumika kwa timu bila kuwapo faida ya haki kwa jiji. Miaka miwili baadaye SuperSonics, timu ya mpira wa kikapu ya jiji hilo, ikahamia Oklahoma City. Ilikuwa hasara chungu kwa mashabiki, na hadi leo wapo wanaoililia. Lakini ukumbi uleule waliokuwa wakichezea ulikarabatiwa upya kwa fedha za wawekezaji, zaidi ya dola bilioni moja, na kufunguliwa mwaka 2021 ukiwa na timu mpya ya hoki ya barafuni. Oklahoma City nayo iliwaomba wananchi wake kodi mwaka 2008, ikawaomba tena Desemba 2023: ukumbi mpya wa angalau dola milioni 900, wamiliki wakichangia milioni 50. Wapigakura walikubali.

Kukataa peke yake pia hakutoshi, maana jirani anasikiliza. Aprili 2024 wapigakura wa Kaunti ya Jackson, Missouri, walikataa kodi ya mauzo kwa ajili ya viwanja vya timu za Kansas City, Chiefs ya futiboli na Royals ya besiboli. Miezi miwili baadaye, upande wa pili wa mpaka, wabunge wa jimbo la Kansas walipitisha sheria ya kugharamia hadi asilimia 70 ya ujenzi kwa timu itakayovuka. Desemba 2025 Chiefs walitangaza kwamba watavuka. Ni mashabiki walewale na eneo moja la mji. Kilichobadilika ni jimbo linalolipa.

Mpango wa kuyafunga majimbo kwa sheria moja ya taifa ungewezekana, na miswada ya kuzuia msamaha wa kodi kwa viwanja imewahi kufikishwa bungeni Washington zaidi ya mara moja. Njia nyingine ni ya Green Bay, mji wa watu laki moja na kidogo jimboni Wisconsin, ambao timu yake, Packers, ni mali ya wanahisa zaidi ya laki tano. Hisa hazilipi gawio na haziuzwi sokoni, na hakuna mwenye uwezo wa kuipakia timu ile kwenye lori. Hata hivyo NFL haimruhusu mwingine yeyote kumiliki timu kwa mtindo huo. Marufuku hiyo inaeleza mengi kuhusu thamani ambayo wamiliki wanaiona katika uwezo wao wa kuondoka.

Na Cleveland? Ilibakiziwa jina, rangi na historia ya Browns, ikajenga uwanja mpya ulioandikwa jina la jiji, hasa kwa fedha za umma, na mwaka 1999 ikapewa timu mpya. Ohio ikatunga sheria, inayoitwa kwa jina la Modell, ya kumzuia mmiliki anayetumia uwanja wa umma kuondoka bila kutoa notisi na nafasi kwa wenyeji kuinunua timu. Mwaka 2024 wamiliki wa sasa, familia ya Haslam, walitangaza nia ya kuuacha uwanja huo wa ufukweni na kujenga mwingine wenye paa huko Brook Park, kitongoji cha Cleveland, kwa dola bilioni 2.4. Jiji lilikwenda mahakamani likiishika sheria ya Modell. Juni 2025 bajeti ya jimbo iliilegeza sheria hiyo ili ihusu tu timu zinazotoka nje ya Ohio, na bajeti hiyohiyo ikatenga dola milioni 600 kwa uwanja mpya. Oktoba, jiji lilikubali kumaliza ugomvi kwa makubaliano ya dola milioni 100.

Milioni 600 hizo zilipangwa kutoka kwenye fungu la fedha zisizodaiwa: mishahara ambayo haikuchukuliwa, amana zilizosahaulika benki, malipo ya bima ambayo wenyewe hawakujulikana walipo, vyote vikiwa chini ya uangalizi wa jimbo hadi mwenyewe ajitokeze. Baadhi ya wananchi walifungua kesi wakidai kwamba serikali haiwezi kuitwaa mali ya mtu kwa namna hiyo. Uwanja wa Brook Park umepangwa kufunguliwa mwaka 2029.